Betri Ndogo

Jioni hii nataka kukusimulia jambo lililotupata njiani, mimi na mzee mmoja wa kanisa letu, tulipokuwa tukitoka Migori kwenda Homa Bay kumzika mama wa mwalimu mwenzake. Ibada ilikuwa ianze saa tano, nami ndimi niliyepewa kuiongoza.

Mzee huyu ni mwalimu mstaafu. Alikuwa amenunua motokaa ya umeme, Nissan Leaf iliyokwisha kutumika Japani. Haikuwa kuukuu, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Aliipenda mno. Usiku kucha aliichaji nyumbani kwake, na asubuhi kioo kilionyesha asilimia 90.

Tulipofika Rongo tukasimama kungoja matatu ya waimbaji. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mzee akazima mwendo lakini akaacha redio, taa na feni, tukakaa karibu saa nzima tukisikiliza habari. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, ila hatukulijua.

Waimbaji walipofika, Mzee akakanyaga breki, akabonyeza swichi, akasukuma kigingi cha gea. Hakikukubali. Herufi P ilibaki palepale, na taa za onyo zikawaka na kuzima kama macho ya mtu mwenye usingizi. Akajaribu tena na tena. Watu wakakusanyika, na unajua watu wa njiani, kila mmoja ni fundi. Mmoja akasema gea imevunjika. Mwingine akataka tusukume, lakini gari la namna hii likiwa kwenye P magurudumu yamefungwa, tena hata yakifunguka haliwaki kwa kusukumwa. Wa tatu akaja na spana, akafungua boneti, akaielekea waya nene ya rangi ya machungwa.

“Usiguse hiyo!”

Aliyepiga kelele ni kijana mmoja wa waimbaji wetu. Waya za rangi ile hubeba umeme wa volti 350 hivi, nao huua. Yule bwana akarudi nyuma, spana ikamwanguka.

Sasa niseme ukweli wangu. Kijana huyo nilimjua vizuri. Mwezi uliotangulia alikuja ofisini kuomba asaidie kutunza vipaza sauti vya kanisa, nikamwambia angoje kwanza akomae. Kazi yake ni kutengeneza pikipiki za umeme, alijifunza Mbita kule kando ya Ziwa. Alipoomba kutazama gari, Mzee alimjibu, “Kijana, hii si pikipiki.” Nami nilinyamaza. Nilikuwa nikitazama saa yangu.

Nikamkumbuka Naamani wa Shamu, jemadari mkuu, mwenye farasi na magari ya vita. Aliyemwonyesha njia ya kupona ni kijakazi mateka, ambaye hata jina lake hatukuachiwa. Nikamwambia Mzee, “Mwalimu, mwache atazame.”

Kijana hakugusa gea hata kidogo. Alituambia kwamba gari hili halina sanduku la gea kama ya petroli. Kile kigingi ni swichi tu inayopeleka habari, nalo gari hukataa habari hiyo mpaka liwe tayari. Kwanza akatazama tundu la kuchajia, maana waya ikiwa bado imechomekwa gari haliendi. Haikuwamo. Akamwomba Mzee akanyage breki, yeye akaenda nyuma kutazama taa. Zilikuwa nyekundu hafifu kama makaa yanayokufa. Akauliza kama ile picha ya kijani ya gari lenye mishale imewaka. Haikuwaka. Akabonyeza honi, ikakoroma.

“Mwalimu, ni betri.”

“Betri gani? Hii imebaki zaidi ya asilimia 70!”

“Hiyo ni ile kubwa. Nasema ile ndogo.”

Kumbe chini ya boneti mna betri ya kawaida ya volti 12, kama ya motokaa yoyote. Ile kubwa iliyo chini ya viti ndiyo inayoendesha magurudumu, lakini ndogo ndiyo inayoamsha akili za gari na kuifungulia kubwa mlango. Gari likiwa tayari kwa safari, kubwa huilisha ndogo. Likiwa limezimwa nusu, redio na taa zikiachwa, ndogo hutumika peke yake mpaka iishe. Kijana akatoa kipimo mfukoni. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12 na nusu na kitu. Yetu ilisoma 10. Vichwa vyake pia vilikuwa na unga mweupe, naye akaupangusa.

Dereva wa matatu akatuazima moto. Waya nyekundu ikafungwa kwenye chanya kwa chanya. Nyeusi ikatoka hasi ya matatu mpaka kwenye chuma kitupu cha gari letu, mbali na betri. Tukangoja dakika chache. Mzee akakanyaga breki, akabonyeza. Picha ya kijani ikawaka, na kigingi kikaingia D bila sauti yoyote.

“Usizime mpaka Homa Bay, Mwalimu,” kijana akasema, akarudi kwenye matatu na wenzake.

Tulipita Rodi Kopany tukiwa kimya. Tulifika saa tano na robo. Jeneza lilikuwa bado nyumbani, na yule mwalimu aliyefiwa alikuwa amesimama langoni akitutazamia. Jumatatu yake Mzee alinunua betri ndogo mpya, akamwita kijana aifunge.

Mimi nilimtafuta siku ileile, baada ya maziko. Nikamwambia, “Mwanangu, nilikukosea.” Akainamisha kichwa kidogo, akaniuliza, “Kasisi, ufunguo wa sanduku la vipaza sauti unakaa kwa nani?”