Namtetea Anayechelewa

Leo nimekuja kumtetea mtu anayechelewa. Simtetei kila achelewaye, maana wapo wanaojua fika kwamba saa imepita na bado wanakaa kitako wamalize chai yao. Ninayemtetea ni yule asiyejua. Anaamini muda anao, kumbe umemwishia zamani. Ukimpigia simu anakwambia yuko njiani, nawe unamwita mwongo, ilhali kichwani mwake safari ilishaanza. Viatu tu ndivyo hajavaa.

Tumchukue fundi cherehani pale Kakoneni, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Sala Gate. Ni mfano tu, lakini sidhani kuna mtu wa huku kwetu Jilore asiyemjua fundi wa namna hii. Mkono wake ni mzuri, kola zake hazipindi. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na amewaahidi wazazi sare zao Ijumaa. Leo ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, yuko kwenye cherehani. Sketi ya kwanza imekubali. Ya pili, anaona zipu haiendani na rangi ya kitambaa, anavuta sanduku atafute nyingine. Mle ndani vifungo vimechanganyika na zipu, basi anaanza kuvitenga: vyeupe huku, vyeusi kule, vile vidogo vya mashati ya watoto kwenye kopo la Kimbo. Kazi inampendeza. Anapoinua macho, kivuli cha mwembe kimeshahama, watoto wa chekechea wanarudi nyumbani, na mfukoni ana kadi ya kliniki inayomtaka awe Malindi kabla ya saa nne. Muulize vifungo vile vimemchukua muda gani. Atasema robo saa, na ataapa.

Wataalamu huiita hali hiyo upofu wa wakati, na ni mojawapo ya mambo yanayowasumbua sana watu wenye ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu. Huku kwetu ADHD, tukiisikia kabisa, tunaidhania kuwa jambo la mtoto mtundu asiyetulia darasani. Hata kwa madaktari ilianzia huko. Mwaka 1902 daktari George Still wa London aliwahutubia wenzake kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Miaka mingi ikapita ikiaminika kwamba mtoto akikua, hali nayo inakwisha. Mwaka 2013 mwongozo mpya wa madaktari wa akili wa Marekani uliweka wazi vipimo vya mtu mzima: kwake dalili tano zinatosha pale mtoto anapohitaji sita, ila baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Sharti hilo la utotoni lishike, nitalirudia.

Aliyelieleza jambo la wakati kwa undani ni mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, katika maandishi yake ya mwaka 1997 na baadaye. Kwa maelezo yake, mwenye ADHD anafanana na mwenye macho yasiyoona mbali. Kilicho karibu anakiona vizuri mno, na kadiri jambo linavyokuwa mbali ndivyo linavyofifia, hadi siku linapomgonga usoni. Si kwamba hajui afanye nini. Fundi wetu anajua kabisa sare zinatakiwa Ijumaa. Kinachomshinda ni kulitumia analolijua, pale pale kwenye kiti chake, saa ile ile linapohitajika. Na jambo hili limepimwa. Katika maabara watu huonyeshwa taa ikiwaka kwa sekunde kadhaa, kisha huombwa wabonyeze kitufe kwa muda ule ule. Wenye ADHD, kwa wastani, hukosea zaidi ya wengine. Hapo hakuna uvivu wala dharau, maana taa haina mtu wa kudharauliwa.

Lakini sisi tumeshampa majina. Mzembe. Hana adabu. Akiwa mwanamke, nyumba imemshinda. Na mambo yakizidi, tunasema amechezewa. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa kuhusu usonji, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi na hata wahudumu wakitaja pepo, laana na uchawi miongoni mwa sababu. Mtoto ambaye hali yake inaonekana wazi anaambiwa hivyo. Sembuse mtu mzima ambaye kosa lake pekee ni kufika mazishini maiti imeshazikwa?

Tena kuna ule usemi wa saa za Kiafrika, nao ndio unaoniudhi kuliko matusi. John Mbiti, mwanazuoni kutoka Ukambani, aliandika mwaka 1969, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kwamba Mwafrika wa jadi aliishi ndani ya sasa na zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu hakuwa nao. Wengi walimpinga, na mimi nampinga. Mkulima wa bonde la Sabaki anayetundika mbegu za mahindi juu ya moshi wa jikoni, akakataa kuzigusa hata njaa ikiuma, huyo wakati ujao ameuweka pale dariani. Tukishakubali kwamba kuchelewa ni tabia ya Mwafrika, mwenye shida ya kweli anapotelea katikati ya watu wanaochelewa kwa hiari yao. Hakuna atakayejiuliza mbona huyu analia kila anapochelewa.

Mimi naona wazee wetu walikuwa na dawa nzuri, ingawa hawakuitengenezea ugonjwa huu. Wakati wao haukukaa kichwani mwa mtu mmoja, ulikaa nje, ukionekana na kusikika. Wagiriama walikuwa na juma la siku nne, na jumwa, siku ya mapumziko, ikifika kila mtu aliijua kwa sababu kijiji kizima kilipumzika. Jua la huku, karibu na ikweta, kuchomoza kwake hakubadiliki sana mwaka mzima, takriban nusu saa tu, kwa hiyo kivuli kilitosha kuwa saa. Kuna adhana. Kuna rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa shule na kugongwa kwa chuma, sauti yake ukiisikia hata ukiwa shambani. Na kuna jirani anayepita na jembe begani akikuita, wee, twende! Leo wakati umehamia kwenye tarakimu ndogo za simu, kimya, mfukoni. Kwa aliyejaliwa kuhisi dakika, simu inatosha. Kwa huyu ninayemtetea, saa iliyo mfukoni ni sawa na saa isiyokuwepo.

Basi ushauri wote wa maana juu ya hali hii unarudi pale pale: wakati utolewe nje. Fundi atundike saa ya ukutani mbele ya macho yake, ile ya mishale, kwa sababu mshale unamwonyesha muda uliobaki. Kengele ya simu isiwekwe kwa saa ya kufika Malindi. Iwekwe kwa saa ya kuinuka kwenye kiti, na nyingine kabla yake ya kuacha mkasi, na simu ikae mbali, alazimike kusimama kuizima. Hesabu aianze mwisho arudi nyuma: daktari saa nne, foleni ya kadi kabla yake, matatu ambayo haiondoki mpaka ijae, bodaboda ya kumfikisha stejini, kuoga. Ajumlishe, kisha aongeze nusu ya jumla hiyo, kwa sababu makadirio yake siku zote huwa mafupi. Na asiahidi mizigo yote siku moja. Aahidi sketi mbili Jumatano, mbili Alhamisi, na mteja aje kweli kuzichukua. Mteja aliyesimama mlangoni anafanya kazi ambayo tarehe kwenye daftari haiwezi.

Mtu wa kukaa naye husaidia kuliko hata kengele. Si wa kumsimamia wala kumkaripia. Awe na kazi yake, achambue mchicha, asuke ukili, lakini awepo. Wenye ADHD wengi husema kazi iliyowashinda peke yao huenda mbele mtu akiwa karibu. Kijijini watu hawa hatuwakosi. Shangazi anaweza kuja na ungo wake akaketi barazani kwa fundi asubuhi nzima bila kulipwa senti, na saa tatu akasema, mwanangu, inuka sasa.

Dawa za hospitali nazo zipo, na kwa wengi zinafanya kazi, ila huandikwa na daktari na hazifai kwa kila mtu. Madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi na miji mikubwa, kwa hiyo safari ya mtu wa Jilore ni ndefu kuliko inavyostahili kuwa, na hilo kaunti yetu inapaswa kulitazama. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust tangu mwaka 1989, na watafiti wake kama Charles Newton na Amina Abubakar wamefanya kazi kubwa juu ya ubongo na ukuaji wa watoto wa pwani hii. Watoto wale wa mwanzo sasa ni watu wazima. Wana maduka, wana cherehani, wana kadi za kliniki.

Kama umejisikia humu ndani, nenda hospitali ya Malindi au ile ya kaunti pale Kilifi, uulizie huduma za afya ya akili. Usiseme tu unachelewa. Eleza kazi ulizopoteza, pesa ulizokatwa, watu mliokosana nao. Na uende na mama, au shangazi, au yeyote aliyekulea, kwa sababu daktari atataka kujua ulikuwaje ukiwa darasa la tatu, na wewe mwenyewe huenda hukumbuki. Yeye anakumbuka ni mara ngapi ulitumwa chumvi dukani ukarudi na jua limezama, mikono mitupu, unahadithia habari ya kenge.