Kutengeneza kwa Upole

(Maneno ya mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni na mchungaji wa Kanisa la Anglikana, Kapsoya, Eldoret)

Masomo: Wagalatia 6:1-5, Marko 1:16-20

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni, shambani, au kando ya kitanda cha mgonjwa, karibuni tulitafakari Neno la Mungu kwa dakika chache.

Katika somo letu la kwanza Mtume Paulo awaandikia Wakristo wa Galatia juu ya mtu aliyeshikwa katika kosa. Hasemi kwamba mtu huyo afukuzwe, wala hasemi kwamba kosa lake lifunikwe. Awaagiza wale waliokomaa kiroho wamrejeze, tena kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia mwenyewe asije naye akaanguka. Neno la Kiyunani alilotumia hapo ni katartizo. Tunalikuta neno hilohilo katika somo la pili, pale Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Waganga wa Kiyunani nao walilitumia kwa habari ya kuunga mfupa. Basi Paulo angeweza kuchagua neno la hakimu, naye akachagua neno la fundi. Mvuvi hautupi wavu wake kwa sababu umechanika. Hukaa chini, akautafuta mwanzo wa tundu, akaushona polepole, maana kesho atauhitaji.

Napenda tulitazame neno hilo kwa mfano wa kazi ambayo wengi wetu tumeiona: kutengeneza upya baiskeli iliyoharibika.

Yuko ndugu mmoja hapa mtaani kwetu Kapsoya aliyeitoa nyuma ya jiko la wazazi wake baiskeli ya utoto wake, ya aina ile iitwayo BMX. Vijana wa leo huenda wasijue ilikuwa kitu gani kwetu. Baiskeli hizo zilianza huko California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipotaka kuiga mashindano ya pikipiki katika njia za vumbi. Magurudumu yake ni madogo, ya inchi 20, na fremu yake ni fupi na imara. Tangu mwaka 2008 mbio zake zimo katika Michezo ya Olimpiki. Lakini kwa sisi tuliokuwa watoto wa miaka ya 1980 na 1990, BMX ilikuwa ndoto. Nyumbani palikuwa na baiskeli ya baba, ile kubwa nyeusi iitwayo Black Mamba, ya kubebea maziwa na magunia ya mahindi. Mtoto alijifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, maana kitini hakufika. Aliyekuwa na BMX alikuwa mkubwa wa watoto wote. Walipanga foleni wakimwomba raundi moja tu.

Ndugu huyo na mdogo wake walinunuliwa moja, wakaipanda kwa zamu. Miaka ikapita, wakakua, baiskeli ikaachwa nje, na mvua za Uasin Gishu zikaifanyia kazi yake. Sasa alitaka kuitengenezea watoto wake. Nami, kwa kuwa nilipita pale mara kwa mara nikienda kuwaangalia wagonjwa, niliona jinsi kazi ile ilivyoendelea. Katika kazi ile yamo mambo matatu yanayotufaa sisi wa kanisa.

Jambo la kwanza: fundi wa kweli hapaki rangi juu ya kutu. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo sababu hufura chini ya rangi na kuipasua. Ukipaka rangi juu yake, baiskeli itapendeza siku ya kwanza, na baada ya miezi michache utaona malengelenge. Hapana budi kuikwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma chenyewe kionekane, kisha ndipo rangi ipate mahali pa kushika.

Wapenzi, kumrejeza mtu si kujifanya kwamba hakukosa. Mtunza hazina aliyechukua sadaka hasaidiwi kwa kuhamishwa kimyakimya mpaka kamati nyingine. Mume aliyempiga mkewe hasaidiwi kwa kuambiwa na wazee kwamba mambo hayo yaishe, mradi tu majirani wasisikie. Na mke yule je? Yeye ndiye aachwaye na kutu. Ukweli usemwe, aliyedhulumiwa asikilizwe kwanza, kilichochukuliwa kirudishwe. Msasa huuma, lakini bila huo hakuna kitakachoshika.

Sisi wakaaji wa Eldoret tulijifunza jambo hili kwa machozi. Hatuwezi kuisahau tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani huko Kiambaa, wakiwamo wanawake na watoto, walipochomwa moto humo. Tarehe 28 Februari mwaka uo huo viongozi walitia sahihi mapatano jijini Nairobi, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini sahihi za viongozi haziwezi kufanya kazi ya jirani na jirani. Wako watu ambao hata leo huketi benchi moja kanisani, hupeana mkono wa amani, wala hawajapata kuambiana yaliyotendeka. Hiyo ni rangi nzuri. Bwana Yesu aijua kutu iliyo chini yake, naye atuita tuikwangue pamoja, kwa saburi, mbele zake.

Jambo la pili: fundi hujua kila kitu kinavyofunguka. Ndugu yetu alikwama kwenye pedali ya kushoto. Ya kulia ilikuwa imefunguka baada ya kutiwa mafuta usiku kucha. Akaiendea ya kushoto kwa spana ileile, akaizungusha upande uleule, siku mbili nzima, wala haikutikisika. Akaongeza bomba refu kwenye spana apate nguvu zaidi. Wale wanaojua baiskeli wamekwisha kutabasamu. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ile ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Walioitengeneza walifanya hivyo kwa hekima, ili isijifungue yenyewe kadiri mtu anavyokanyaga. Kwa hiyo nguvu zake zote za siku mbili zilikuwa zikiikaza.

Aliyemweleza hayo alikuwa mdogo wake. Yule mdogo, tangu utotoni, ndiye aliyekuwa na mikono ya ufundi. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amefungwa na pombe ya changaa, vitu vilipotea nyumbani, na kaka yake alimkataza kuvuka lango. Siku ile alipita barabarani, akasimama nje ya ua, akatazama, kisha akasema, "Kaka, hiyo huzungushwa upande ule mwingine." Akaingizwa ndani. Pedali ikafunguka.

Baadaye kaka aliniambia, "Mchungaji, maneno niliyokuwa nikimwambia huyu mdogo wangu ni yaleyale tangu mwaka ule alipoanza kunywa. Yaliponishinda niliyasema kwa sauti kubwa zaidi." Sikuwa na la kuongeza. Je, si ndivyo tufanyavyo wengi? Karipio lililomfaa mtoto wa kwanza twamletea wa pili, na lisipofaa twaongeza bomba kwenye spana. Upole ausemao Paulo si ulegevu. Pedali ile haikufunguka kwa kubembelezwa. Ilitaka nguvu, ila nguvu iliyomjua mwenyewe jinsi alivyoumbwa. Bwana wetu hakusema na Nikodemo kama alivyosema na Zakayo, wala hakumrejeza Petro kwa njia aliyomrejezea Tomaso. Petro aliyemkana mara tatu kando ya moto wa makaa aliulizwa mara tatu habari ya upendo, tena kando ya moto wa makaa. Tomaso alionyeshwa majeraha. Bwana alimjua kila mmoja.

Jambo la tatu: gurudumu halinyoshwi kwa spoku moja. Mnajua spoku, zile njiti nyembamba za chuma zitokazo katikati ya gurudumu mpaka kwenye rimu. Magurudumu mengi ya aina hii yana spoku 36. Gurudumu likiyumba, mtu asiye na ujuzi huitafuta spoku moja yenye hatia, akaikaza kwa nguvu zote. Matokeo yake rimu hupindika upande wa pili. Fundi hukaza hapa robo mzunguko, hulegeza pale robo mzunguko, hulizungusha gurudumu, hutazama, hurudia. Kila spoku huvuta kidogo, na kwa kuvutana huko zote pamoja hubeba mzigo ambao moja peke yake isingeweza kuubeba.

Ndiyo maana Paulo, baada ya kusema habari ya kumrejeza aliyekosa, mara moja asema habari ya kuchukuliana mizigo. Wengine hushangaa kwamba katika mstari wa pili atuamuru tuchukuliane mizigo, na katika mstari wa tano asema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Hakuna kupingana hapo. Katika Kiyunani ni maneno mawili. La kwanza ni baros, uzito unaomwelemea mtu hata asiweze kusimama. La pili ni phortion, furushi la safari ambalo kila msafiri hubeba lake. Kuacha pombe ni furushi la yule mdogo mwenyewe. Hakuna awezaye kumbebea. Lakini aibu ya kuingia kanisani baada ya miaka mingi, watu wote wakimtazama, hiyo ni uzito. Huo ulikuwa wetu.

Nasema ulikuwa wetu, maana alikuja. Jumapili moja aliingia, akaketi benchi la nyuma, na watu wawili waliokuwa hapo wakasogea mbali. Labda hawakukusudia neno baya; labda walikumbuka vitu vyao vilivyopotea, na kumbukumbu hiyo ni ya haki. Mama mmoja mzee, mjane, akatoka benchi lake la mbele, akaenda nyuma polepole kwa fimbo yake, akaketi karibu naye. Hakusema neno. Akafungua kitabu cha nyimbo, akakishika katikati yao wawili. Hiyo ndiyo robo mzunguko, ndugu zangu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamekwisha kunyoka. Wako Jumamosi ambazo kijana huyo huja kwa kaka yake, wakafanya kazi pamoja, wakaziosha gololi kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi. Ziko Jumamosi nyingine asizoonekana, na kaka hujua yuko wapi. Lakini lango halifungwi tena. Fundi halitupi gurudumu kwa kuwa limeyumba tena. Hulirudisha juu ya kigingi chake, akaanza upya.

Msikilizaji mpenzi, nakuuliza asubuhi hii: yuko nani aliyeachwa nyuma ya jiko katika nyumba yako, au katika kanisa lako? Binti aliyeondolewa kwaya alipopata mimba, wala hakuna aliyemwendea tangu siku ile? Ndugu aliyetoka gerezani? Mwenda kwaresima mliyekosana naye juu ya shamba la baba? Wiki hii mwendee mmoja. Kabla hujaenda, jiangalie mwenyewe. Usiende na rangi peke yake, wala usiende na spana ndefu. Enda kama mtu anayejua kwamba naye alikuwa na kutu, na kwamba yuko Seremala wa Nazareti ambaye hakumtupa. Petro, aliyerejezwa, aliandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, mstari wa 10, kwamba Mungu wa neema yote mwenyewe atawatengeneza walioteswa. Naye alitumia neno lilelile la nyavu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba wa rehema, ambaye hukichukii kitu chochote ulichokiumba, twakuomba uwahurumie wote walioanguka na wote waliowaumiza wengine. Uwape ujasiri wa kusema kweli, na waliodhulumiwa uwape haki na faraja. Utupe sisi mikono ya upole na macho ya kujua, tusikaze pale panapotaka kulegezwa. Ulitengeneze kanisa lako, ili tuchukuliane mizigo mpaka siku ile utakapoyafanya yote kuwa mapya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.