Mwili Unaojipiga Wenyewe: Chakula na Dawa



Mwili wa binadamu umejaaliwa kinga ya kupambana na vijidudu. Lakini yako maradhi ambayo kinga hiyo humgeukia mwenyewe na kumpiga. Wagonjwa wa namna hii huambiwa mengi na majirani: kula hiki, acha kile, tupa dawa za hospitali. Yapasa basi ijulikane ni wapi chakula ni dawa yenyewe, na ni wapi ni msaidizi tu wa dawa.

Uko ugonjwa uitwao siliaki. Mwenye ugonjwa huu akila ngano au shayiri, gluteni iliyomo huichochea kinga kuushambulia utumbo mwembamba. Hapo chakula hakifyonzwi sawasawa: mtoto huharisha, tumbo hufura, mwili hukonda na damu hupungua.

Mwaka 1924 Dk. Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto hao hupata nafuu wakilishwa ndizi. Ndizi ikasifiwa sana. Kumbe siri haikuwa katika ndizi iliyoliwa, bali katika mkate ulioachwa! Mtoto aliyedhaniwa amepona, akirudishiwa mkate, hurudishiwa na maradhi yake.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Dk. Willem-Karel Dicke, tabibu wa watoto wa Uholanzi. Mwaka 1941 aliandika juu ya chakula kisicho na ngano. Kisha ikaja njaa ya vita ya 1944 na 1945: mkate uliadimika, na wagonjwa wake wakapata nafuu, mkate uliporejea, maradhi nayo yakarejea. Katika miaka ya 1950 yeye na wenziwe walionyesha kwamba madhara yamo katika gluteni.

Mgonjwa wa siliaki, basi, dawa yake ni kuacha chapati, mandazi, mkate, sambusa na tambi maisha yake yote. Wala hatakufa njaa: ndizi, wali, mahindi, muhogo, mtama, ulezi, maharage na samaki ni halali kwa tumbo lake, ila unga usichanganyike na wa ngano. Lakini mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, maana akiiacha, kipimo cha damu chaweza kuuficha ugonjwa.

Kinyume chake ni kisukari kinachowapata watoto wengi, ambacho kinga huua chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Zamani matabibu waliwanyima watoto hao chakula. Siku zao ziliongezeka kidogo, kisha wakafa. Januari 1922, mjini Toronto, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Kwa mgonjwa huyu chakula cha kipimo humfaa sana, lakini akiacha sindano kwa kutegemea asali au habasoda, aweza kufa kwa siku chache. Na asifunge Ramadhani bila kumwuliza daktari. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Naam, anayemshauri mgonjwa na aulize kwanza: ni ugonjwa gani, na nani aliyeupima? Ushauri uliomponya mmoja waweza kumwua mwingine. Na mgonjwa anayetumia mitishamba amweleze daktari wake bila kuona haya, ili dawa zisigombane mwilini.