Pete ya Uchumba ni ya Nani Uchumba Ukivunjika?

(Maneno yaliyosemwa kwenye semina ya vijana na wazazi)



Wengine wameicheka mada hii pale mlangoni. Ati pete! Lakini kijana aliyemaliza bonasi yake ya majani chai kwa kununua pete hacheki. Wala hacheki msichana anayeambiwa mbele ya watu sokoni, "Vua hiyo, si yako."

Kwetu Abagusii pete si kitu kigeni. Nyanya zetu walivaa ebitinge, pete za chuma za miguuni, nazo zilikuwa alama ya enyangi, ng'ombe wakiwa wameshaingia boma la baba ya msichana. Pete ilikuwa mwisho wa safari. Hii ya siku hizi imetangulia: esigani hajatumwa, wazee hawajui lolote, na kidole tayari kina pete. Ndiyo maana ukiwauliza wazee mila inasemaje juu ya pete ya uchumba watakujibu mambo ya ng'ombe. Ng'ombe wana kanuni: ndoa isipokuwa, wanarudi. (Ndugu zetu Waadventista wengi hawavai pete, najua. Wao waweke saa au cherehani mahali pa pete, maneno ni yale yale.)

Sasa sheria. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inasema ahadi ya kuoa au kuolewa haimfungi mtu. Hakuna korti itakayokulazimisha kuoa. Lakini aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amekataa kutimiza ahadi anaweza kudai fidia. Hasara, jamani, si uchungu wa moyo tu! Ni hema iliyolipiwa na gauni lililoshonwa.

Na pete yenyewe? Mawakili hupenda kutaja kesi ya Uingereza ya 1926, Cohen na Sellar. Jaji alisema pete hutolewa kwa ajili ya ndoa. Mwanamke akivunja ahadi bila sababu ya haki, airudishe. Mwanamume akivunja yeye, asiidai. Waingereza wenyewe waligeuza mwaka wa 1970: pete ni zawadi kamili, ila mtoaji aonyeshe kwamba aliitoa kwa sharti la kurudishwa. Majirani zetu Tanzania, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, wanaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa, na si nyingine. Hapa kwetu kesi ya 1926 haimfungi jaji, ila anaweza kuisikiliza.

Mimi naiona ile ya Tanzania kuwa na akili zaidi, kwa sababu inauliza swali moja: ilitolewa kwa nini? Viatu vya Krismasi, pesa ya simu, soda za Keroka, hizo zimekwenda, usiziandikie hesabu. Pete iliyovalishwa mbele ya wazazi wa pande mbili ni kitu kingine. Hapo ushahidi una kazi: risiti, walioona, ujumbe wa simu. Pete ya mama yako mzazi, sema siku ile ile kwamba ni ya ukoo.

Jambo moja linaniudhi. Kijana ameachwa, anakimbia polisi kuandikisha kwamba pete yake imeibwa. Ulimpa kwa mkono wako, wizi uko wapi? Hayo ni madai ya kawaida. Yapelekwe kwanza kwa wazee au kwa mchungaji. Katiba ya 2010 inautambua upatanisho wa kimila, mradi usivunje haki za mtu. Kumvua msichana pete kwa nguvu kunaweza kukupeleka kortini wewe.

Tena wazazi, msipokee pete ya binti aliye chini ya miaka 18. Huo si uchumba.

Mmoja ameniandikia kwenye karatasi: kama msichana ana mimba, pete ihesabiwe kuwa matunzo? Hapana. Katiba inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama, wakiwa wameoana au hawajaoana. Pete mtazungumza ninyi wawili na wazee. Matunzo ya mtoto yanadaiwa peke yake, hata kama pete ilirudishwa jana.