Kuhesabu Fedha Peke Yake Hakutoshi



Leo tuzungumze juu ya noti bandia, yaani noti ambazo hazikutolewa na Benki Kuu ya Tanzania.

Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi mnadani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mnunuzi alikuwa na haraka, gari linamsubiri. Akatoa noti nane za shilingi 10,000. Mwenzetu akahesabu moja, mbili, mpaka nane. Hesabu ikawa sawa.

Kesho yake akaenda kununua mbegu. Mwenye duka akamwambia, "Mama, hizi tatu si fedha." Tulipozisoma, zote tatu zilikuwa na namba ile ile. Basi, shilingi 30,000 zikawa zimekwenda na maji.

Je, tufanye nini? Tufanye mambo matatu.

Kwanza, tuipapase noti. Noti halali ni ngumu kidogo, na baadhi ya maandishi yake yameinuka. Ukipitisha kidole unayasikia. Noti bandia nyingi ni laini kama karatasi ya daftari.

Pili, tuiinue kwenye mwanga. Ndani ya karatasi tutaona sura ya Mwalimu Nyerere iliyojificha. Tutaona pia uzi uliopita ndani yake.

Tatu, tusome namba. Noti mbili halali za aina moja hazina namba moja. Hapa ndipo kisomo kinapotufaa!

Alama moja haitoshi, tuzitazame zote. Tukiwa na shaka, tuilinganishe na noti tunayoijua kuwa ni halali.

Wako waliomshauri mwenzetu, "Mpe muuza samaki, tena usiku." Akakataa. Akasema, "Muuza samaki naye ana watoto." Alisema kweli. Tena, kumpa mtu noti bandia huku unajua ni kosa la jinai. Yeye alizipeleka polisi. Hakurudishiwa kitu, maana noti bandia hailipwi. Lakini hasara ile iliishia kwake, haikuingia nyumba nyingine.

Ndugu zetu, tuuze mifugo yetu mchana. Tupokee fedha mbele ya mashahidi. Na mnunuzi akisema ana haraka, tumjibu, "Subiri kidogo ndugu, tunasoma fedha." Mwenye fedha halali atasubiri.