Kafyu, Maduka Kufungwa na Sufuria ya Mfanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bahati)



Katibu ameniomba niseme juu ya siku za korona, yaani amri za kafyu na kufunga biashara, na jinsi watu walivyozipokea. Huenda mtu akauliza, kwa nini tufukue mambo yaliyopita? Jibu langu ni hili. Siku tutakapokaa mezani na matajiri kujadili mkataba wetu, hapana budi tuwe na neno la kusema juu ya siku kama zile. Ugonjwa hauleti notisi ya mwezi mmoja. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Baada ya siku mbili shule zikaamriwa kufungwa. Baa zikafungwa, na hoteli zikaambiwa ziuze chakula cha kubeba tu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza nchi nzima, toka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na katika Nairobi na Mombasa amri hiyo ikakaa mpaka Julai. Treni za abiria kati ya Mombasa na Nairobi zikasimama, zikarudi tarehe 13 Julai. Treni za mizigo hazikusimama.

Mwaka wa pili ikawa zamu yetu. Tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zimefungwa pamoja kama eneo moja. Kafyu katika eneo hilo ikawa toka saa mbili usiku mpaka saa kumi alfajiri. Baa zikafungwa tena, hoteli zikarudi kwenye chakula cha kubeba, na ibada za kukusanyika zikasimamishwa. Tulikaa hivyo mpaka tarehe 1 Mei. Kafyu yenyewe haikuondolewa nchini mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa.

Sasa, watu walizipokeaje amri hizi? Wako wasemao kwamba wananchi walikuwa wakaidi tu, hawasikii. Mimi nasema hapana. Watu waliuogopa ugonjwa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Serikali ilipoifunga Nakuru, ilisema kwamba katika kila watu 100 waliopimwa mwezi huo, kama 22 walionekana na ugonjwa. Mpaka mwisho, vifo vilivyoandikwa katika nchi hii vilipita 5,600. Watu walinawa mikono, walivaa barakoa, walizika ndugu zao kwa haraka bila matanga. Haya si matendo ya wakaidi. Malalamiko yao yalikuwa ya namna nyingine, na yafaa tuyatenge moja moja.

Lalamiko la kwanza lilikuwa juu ya fimbo. Siku ile ile kafyu ilipoanza, pale kivuko cha Likoni, Mombasa, umati wa watu waliotaka kuvuka kurudi makwao ulipigwa virungu na kutupiwa moshi wa machozi kabla hata ya saa moja kufika. Wengi wao walikuwa watu waliotoka kazini. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi huko Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais mwenyewe aliomba radhi kwa nguvu iliyotumiwa na polisi. Lakini mwanzoni mwa Juni 2020 halmashauri ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema kwamba imepokea habari za vifo 15 tangu kafyu kuanza. Na usiku wa tarehe 17 Aprili 2021, katika barabara ya Thika, polisi waliziba njia saa mbili ilipofika, na mamia ya watu wakakwama humo kwa saa nyingi, hata magari ya wagonjwa yakakwama pamoja nao.

Hapa kwetu neno kafyu si neno geni, na lina uchungu wake. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, watu waliokuwa katika mashamba ya wazungu ya Bonde la Ufa waliwekewa amri za kutembea na pasi, na maelfu walipakiwa katika malori na treni wakarudishwa Jimbo la Kati. Tena Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, Nakuru iliwekewa kafyu kwa sababu ya mapigano. Basi mzee wa Bahati alipoisikia kafyu mara ya tatu, hakufikiri juu ya daktari. Alifikiri juu ya askari. Kama serikali ilitaka neno hilo lieleweke kuwa ni dawa, ingalimtanguliza mwuguzi, na askari akafuata nyuma yake.

Lalamiko la pili lilikuwa juu ya usawa. Mwananchi aliambiwa asikusanyike hata matangani, lakini mwanzoni mwa 2021 aliona wanasiasa wakihutubia mikutano mikubwa ya hadhara, watu wamebanana kama siafu. Aliambiwa ajifunge mkanda, kisha akasoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya manunuzi ya dawa na vifaa katika KEMSA, manunuzi ya shilingi bilioni 7.8 yaliyokuwa na kasoro. Amri ikimfunga mmoja na kumwacha mwingine, watu huiita amri ya wanyonge, na hawaitii ila kwa woga.

Lalamiko la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalotuhusu sisi. Ni juu ya sufuria.

Ndugu zangu, duka la unga halikufungwa. Mtu wa mbali angeweza kudhani kwamba basi mambo yalikuwa sawa. Lakini mama mboga wa Maili Sita au wa stendi ya Nakuru hauzi sana mchana. Soko lake ni jioni, wafanya kazi wanaporudi nyumbani, toka saa kumi na moja mpaka saa mbili au tatu usiku. Ukimwambia awe ndani saa moja, hukumfunga kwa amri ya kufunga, lakini umemfunga. Anayechoma mahindi ni vivyo hivyo, na kinyozi, na mwenye kibanda cha chai. Kijana wa baa alitoka siku ya kwanza, wala hakujua atarudi lini. Mwenye matatu ya watu 14 aliamriwa abebe 8, naye akapandisha nauli, na nauli hiyo ikalipwa na yule yule ambaye mapato yake yamepungua.

Tena tazameni barabara yetu inayotoka Nakuru kupita Bahati na Subukia mpaka Nyahururu. Nyahururu iko Laikipia, nje ya eneo lililofungwa. Lori la mizigo liliruhusiwa kupita, abiria hakuruhusiwa. Basi kabichi likapita, mwenye kabichi akabaki, na bei ya kabichi ikaamuliwa na mwenye lori. Wakulima wadogo na wachuuzi waliokuwa wakienda wenyewe sokoni na magunia mawili wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo nchi iligawanyika mara mbili. Aliyepata mshahara mwisho wa mwezi alisema, fungeni, afya kwanza. Aliyekula alichopata siku ile alisema, fungueni, tutakufa njaa. Kila mmoja alimwona mwenzake mjinga. Wala hawakuwa wajinga; kila mmoja alisema kweli kwa jinsi sufuria yake ilivyokaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tazameni pia msaada ulivyopita. Aprili 2020 serikali iliondoa kodi ya mshahara kwa wote wanaopata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake. Lilikuwa jambo jema. Lakini msamaha huo ulipitia kwenye karatasi ya mshahara, na kibarua hana karatasi ya mshahara. Zilikuwako fedha za wazee na maskini, na kazi za usafi za Kazi Mtaani kwa vijana, lakini wengi hawakufikiwa.

Ili tusidhani kwamba ni sisi tu tuliolalamika, nataka kuwapeleka mbali kidogo, Ireland, nchi ndogo karibu na Uingereza. Huko maduka yalifungwa hasa. Oktoba 2020 serikali yao ilifunga kwa majuma sita maduka yote yasiyouza chakula, dawa na vitu vya lazima. Na baada ya Krismasi yakafungwa tena kwa miezi. Lakini mfanya kazi wa duka au wa baa aliyekosa kazi kwa amri hiyo aliweza kulipwa na serikali mpaka Euro 350 kwa juma. Sisemi Kenya ingeweza kulipa hivyo. Mfuko wetu si mfuko wao. Nasema tu kwamba huko, amri ya kufunga na amri ya kulisha zilitembea pamoja.

Hata hivyo watu wa huko nao walichoka. Wenye maduka madogo waliuliza kwa nini wao wafungwe na maduka makubwa yaendelee. Tarehe 27 Februari 2021 maandamano ya kupinga amri hizo katika mji wa Dublin yaligeuka kuwa vurugu na polisi. Basi tujifunze mambo mawili. Mtu akifungiwa, lazima ale. Na hata akila, lazima aelezwe sababu, na aone kwamba jirani yake naye amefungiwa.

Sasa nafika kwenye kazi yetu. Naomba mkutano huu ufikirie mambo manne.

La kwanza, mkataba uwe na kifungu juu ya kazi inayosimama kwa amri ya serikali. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mgonjwa aliyetumika miezi miwili mfululizo siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Nasema tufuate kipimo hicho hicho: kazi ikifungwa, siku saba za kwanza malipo kamili, siku saba za pili nusu. Na tajiri akitaka kupunguza watu, asijifiche nyuma ya ugonjwa. Sheria hiyo hiyo yamtaka atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na alipe siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

La pili, kifungu hicho kimtaje kibarua kwa jina lake. Sheria yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Lakini nani atamhesabia siku zake? Ni sisi. Kila tawi liwe na daftari ya vibarua, jina na tarehe aliyoanza kazi.

La tatu, ikiwapo kafyu, tajiri awafungulie wafanya kazi mapema waweze kufika nyumbani, au awatolee gari na barua ya kupita. Mfanya kazi asipigwe kwa sababu kengele ya kazi ililia kwa kuchelewa. Likoni na barabara ya Thika zitukumbushe.

La nne, chama chetu cha akiba kitenge mfuko mdogo wa mikopo ya dharura kwa vibanda vya wake na waume zetu. Nyumba nyingi za wanachama hazisimami kwa mshahara peke yake. Tuseme mshahara unalipa kodi ya nyumba na karo, na kibanda cha mama kinalipa unga, makaa na sabuni. Kibanda kikifungwa, mshahara unaliwa na unga, na karo inakosekana. Kwa hiyo tusiseme kwamba mambo ya mama mboga si mambo ya chama.

Najua kuna neno linalonong'onwa: vibarua hawalipi ada, kwa nini tuwagombanie? Nitalijibu waziwazi. Mwanachama mwenye mshahara akimwacha kibarua, siku ya shida tajiri atamwondoa yule kibarua bila gharama yoyote, na kazi yake itamwangukia yule aliyebaki, kwa mshahara ule ule. Tena, ugonjwa hauulizi kadi ya chama. Kibarua aliyelala njaa atakuja kazini na homa yake, kwa sababu akikaa nyumbani hali. Naye atakohoa kando yako. Kumlipa akae nyumbani siku chache ni kinga yako wewe pia. Hili ndilo wenye mshahara wengi hawakuliona, waliposema fungeni bila kuuliza nani atalisha.

Jambo hili litakuwa na gharama. Matajiri watakataa mwanzoni, na sisi wenyewe itatubidi tuongeze kidogo katika akiba ya kila mwezi. Kura itapigwa mwisho wa mkutano huu, na kila mmoja ajiulize kabla ya kuinua mkono. Amri ya kufunga ikija tena, na ikawa ni ya haki, sisi wafanya kazi tutaitii. Lakini mwenye kushika ufunguo wa mlango aulizwe pia habari ya sufuria iliyo ndani, na aulizwe mapema, kabla mlango haujafungwa.