Duka Letu la Hisani



Nimeombwa niseme machache kuhusu duka letu la nguo. Nitaanza na jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia: kinachotulemea zaidi ni wingi wa michango. Mfuko wa nguo zilizochanika hujaza stoo, hula saa za mtu anayejitolea, na mwishowe twalipa gari la taka. Hivyo nguo zichambuliwe mlangoni, siku ile ile zinapoletwa, na zisizouzika zirudishwe kwa adabu. Bhagavad Gita, katika sura ya 17, huiweka sadaka itolewayo kwa dharau katika daraja la chini kabisa. Shati lililokatika kola, kwa maoni yangu, limo humo.

Kila nguo iandikwe tarehe ilipotundikwa. Baada ya majuma 4 bei yake ipunguzwe nusu. Baada ya 6 iondoke. (Sari za harusi zina hesabu yake, hizo zisubiri Diwali.)

Wapo wanaouliza kwa nini tusigawe bure. Jirani anayemnunulia mwanawe sare kwa fedha yake huchagua, hupima, huteta bei, na hata hukataa. Anayegawiwa hupokea alichopewa. Na mapato hayo ndiyo yanunuayo dawa za zahanati yetu. Kwa hiyo naisihi kamati, itakapolijadili jambo hili, iliache duka liendelee kuuza.

Meza ya uchambuzi yahitaji watu 2 zaidi kila Jumamosi asubuhi.